Sura ya Saba: Saa Iliyokatika Sauti

Chumba cha Mzee Antena kilikuwa na viti viwili, na kimoja kati ya hivyo hakikuwa kimekaliwa na mtu kwa muda mrefu. Inspekta alilitambua hilo kwa vumbi lililolala juu ya mto wake, jembamba na sawasawa, kama unga uliochekechwa. Alisimama kando yake akangoja. Mwenye nyumba akakitazama kiti kile, akakohoa, kisha akasukuma mbele kile alichokuwa akikikalia mwenyewe.

"Keti hapa, binti yangu. Kile kina mwenyewe."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Kaburini. Mwaka wa nne huu."

Inspekta aliketi. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, mkavu wa maneno. Kituoni walisema kwamba hata salamu huipima kwenye mizani kabla ya kuitoa. Hakuja kutoa rambirambi. Alikuja kwa sababu mlinzi wa mnara ulio kilimani alikuwa ameokotwa Jumapili asubuhi chini ya mnara huo, kichwa kimepasuka, amekwisha kufa. Na kwa sababu kesho Mkuu wa Kituo alikusudia kumfikisha mzee huyu mahakamani kwa kosa la kumuua.

Mashtaka yenyewe yalisimama juu ya mafiga matatu. La kwanza, mzee aligombana na marehemu mbele za watu, akimlaumu kwa kuunyonya umeme wa kibanda cha mitambo kilicho kando ya mnara, akamwambia kwamba siku moja atajuta kuzaliwa. La pili, kibanda hicho kilikuwa na funguo mbili tu, mmoja wa mlinzi na mmoja wa mzee, na kufuli halikuvunjwa. La tatu, Jumamosi jioni hapakuwa na kiumbe aliyemwona mzee wala kumsikia.

"Ulikuwa wapi Jumamosi jioni?"

"Nimekwisha waambia wenzako. Hapa."

"Ukifanya nini?"

"Nikisikiliza redio."

Inspekta aliyatembeza macho ukuta hadi ukuta. Palikuwa na meza, kompyuta kuukuu, spika mbili, na kikombe kimoja kilichofunikwa kwa kisahani. "Redio ipi? Siioni."

Kwa mara ya kwanza uso wa mzee ulifunguka. Alikuwa amefanya kazi ya simu za upepo maisha yake yote, na tangu astaafu hakuna aliyemuuliza jambo hilo ila kwa kumcheka. "Huioni kwa kuwa haipo. Redio iko kilimani. Hapa yapo masikio tu."

"Nieleze kama unavyomweleza mtu asiyejua."

"Hapa bondeni pana kelele. Si hizi za masikioni, bali za umeme. Taa za majirani, chaja za simu, mashine ya kusaga ya yule bwana wa kona. Zote hupiga makelele ndani ya redio. Basi nikakipeleka kipokezi juu, kule kwenye utulivu, nikakifunga kwenye kompyuta ndogo isiyozidi kiganja. Ile huyapokea mawimbi, huyageuza kuwa tarakimu, na kuzituma kwa mtandao wa simu mpaka hapa. Kompyuta hii huzigeuza tena kuwa sauti. Nami huiendesha redio nikiwa nimeketi, kama mtu anayemwongoza punda kwa kamba ndefu."

"Na kamba ikilegea?"

"Sauti hukatika."

"Ndipo tulipofika," alisema Inspekta. "Niwekee ile ya Jumamosi."

Kompyuta ya mzee ilikuwa na desturi ya kurekodi kila alichokisikiliza. Alibonyeza, na chumba kikajaa mlio mwembamba: ti, ti, ti, mmoja kila sekunde, kisha sauti ya mwanamke wa mbali ikataja wakati kwa lugha ya kigeni, kisha ti, ti, ti tena.

"Hiki ni kipindi gani?"

"Si kipindi. Ni saa. Kuna kituo huko ng'ambo kisichotangaza kingine ila wakati, usiku na mchana."

"Na wewe husikiliza hiyo? Jioni nzima?"

Mzee alikipangusa kikombe ambacho hakikuwa na uchafu. "Mama wa nyumba hii alipokuwapo tulisikiliza muziki. Muziki una kumbukumbu, binti yangu. Saa haina."

Inspekta alikuwa ameinamisha kichwa kuelekea spika, kwa maana milio ilikuwa imeanza kukatika. Ti, ti, kisha pengo, t-t, pengo, nusu ya mlio, kishindo kidogo kama cha ukucha juu ya bati, pengo tena. Halafu, bila kuaga, milio ikarudi mizima kama kwamba hakuna lililotukia.

"Hapo ndipo mtaalamu wenu aliposema nimeunga vipande," alisema mzee.

"Anasema ulirekodi siku nyingine, ukakata na kushona, ili uonekane ulikuwa hapa."

"Mwambie mtaalamu wenu kwamba mwizi wa nguo haibi yenye matundu. Mtu anayeghushi angeghushi kitu kizima."

"Nitamwambia. Ulifanya nini ilipoanza kukatika?"

"Nilitibu. Mtu hufanya nini?"

"Hatua moja moja, tafadhali. Na kila hatua unionyeshe mahali pake katika sauti hii."

Akamwonyesha. Kwanza alizima mtandao wa hewani humu chumbani akachomeka waya, maana hewani huweza kupotea mengi kati ya ukuta na ukuta; hapo palisikika kimya kifupi, na sauti ikarejea. Fungu la pili la mikatiko likaja vilevile. Kisha akaiongeza akiba. "Akiba ni kama mtungi," alieleza. "Maji yakija kwa vipindi bombani, mtungi mkubwa hukuficha usijue. Kompyuta hukusanya sauti kidogo kabla ya kuitoa, ili mtandao ukisitasita wewe usisikie." Fungu la tatu likaja. Mwisho alipunguza tarakimu zinazotumwa kutoka kilimani, ili njia nyembamba ya simu isilemewe; na kweli, kutoka hapo sauti ya yule mwanamke wa mbali ilikuwa imefifia ukali, kana kwamba alikuwa akisemea ndani ya chungu. Fungu la nne likaja na mapengo yake yote.

"Kama ugonjwa ungekuwa wa mtandao," aliuliza Inspekta, "dawa hizi zingesaidia?"

"Zingepunguza."

"Zilipunguza?"

"Hata chembe."

"Na bado waliandika kwamba unasema ni mtandao."

"Sauti ya mbali ikikatika ni mtandao! Sisi wote wa kazi hii ndivyo tusemavyo. Mtoto akilia, ni njaa."

"Mtoto aliyenyonyeshwa mara tatu na bado analia, mama yake humvua nguo akatafuta siafu."

Mzee alicheka, kicheko kifupi kilichotoka na kutu, kama mlango usiofunguliwa mara nyingi. Inspekta hakucheka. Alimwomba airudishe sauti nyuma, kisha aiache iende. Baada ya fungu la nne milio ilipita mizima, mmoja baada ya mwingine, kwa kitambo kizuri. Kisha likaja la tano. Kisha la sita, ambalo lilianza kwa nguvu kama ndugu zake, likakoma ghafla kabla ya kufika nusu ya urefu wao. Baada ya hapo hapakukatika tena mpaka mwisho.

"Hapa katikati, kati ya la nne na la tano. Ulifanya nini?"

"Si kitu. Nilingoja tu."

"Ulizungumza na mtu yeyote jioni ile?"

"Nizungumze na nani?"

Alilisema kwa namna ya kawaida, kama mtu atajaye bei ya chumvi. Inspekta alimtazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika.

"Ufunguo wa kibanda unao?"

Mkono wa mzee uligusa mfuko wa shati. "Ninao."

"Nani mwingine anaijua mitambo hii?"

"Mpwa wangu. Mtoto wa marehemu dada yangu, ndiye niliyebaki naye. Magoti yalipokataa, yeye ndiye hunipandia mnara. Kijana wa adabu sana, hana makuu."

Simu ya Inspekta ililia. Alitoka nayo barazani. Mkuu wa Kituo alikuwa mtu wa maneno machache pia, lakini yeye alikuwa nayo machache kwa uvivu.

"Umemaliza na huyo babu?"

"Bado, afande."

"Sauti imekatwakatwa, funguo ni mbili, na alimtishia marehemu hadharani. Unatafuta nini tena, malaika ashuke atoe ushahidi?"

"Natafuta kwa nini sauti ilikatika."

"Kwa sababu aliikata! Kesho saa tatu nataka faili mezani kwangu, limefungwa."

"Litakuwa mezani," alisema Inspekta. Hakusema limefungwa juu ya nani.

*

Kilimani upepo ulikuwa haukomi, na nyasi zote zililala upande mmoja. Dereva wa gari la polisi, mtu mnene mwenye kupenda soga, alipanda nyuma ya Inspekta akiwa amebeba grainda ya karakana ya polisi, ile mashine ya kukatia vyuma, na kila hatua kumi alisimama ili ailaani.

"Afande, mimi nilisomea udereva. Sikusomea upagazi."

"Ulisomea pia kunyamaza?"

"Somo hilo nilifeli."

Mnara ulisimama juu ya miguu minne ya chuma. Kando yake palikuwa na kibanda cha matofali chenye dirisha lililozibwa kwa mabati, na juu ya paa lake mabamba mawili ya sola. Mlinzi alikuwa ameishi maisha yake ya kazi kati ya miguu hii minne na ukuta ule, usiku baada ya usiku. Kigoda chake kilikuwapo bado mlangoni, kimekingwa upepo, na mahali alipozoea kuegemea mgongo rangi ya ukuta ilikuwa imesuguliwa ikawa laini kama sabuni. Dereva alikitazama kigoda, akaacha utani.

"Watu wawili," alisema. "Mmoja huku anaulinda mtambo, mwingine kule chini anausikiliza. Kila mmoja peke yake kama kidole gumba. Na ikawa wagombane wao kwa wao."

Inspekta alikuwa amekwisha piga magoti mguuni mwa mnara. Kutoka kila mguu ilishuka mikanda ya shaba iliyozikwa ardhini, ile inayoimeza radi isije ikauchoma mnara. Au ilikuwa ikishuka. Sasa, karibu kote, vilibaki vikonyo tu. Taarifa ya kwanza ya polisi ilikuwa imeyataja haya kwa mstari mmoja: *waya za ardhini ziliibwa zamani.*

"Njoo uangalie. Hii ni rangi gani?"

"Nyekundu. Ya shaba."

"Na shaba iliyokaa mvuani zamani huwa na rangi gani?"

Dereva alijikuna kidevu. "Kijani, afande. Kama sufuria la bibi."

"Basi hakuna zamani hapa. Imekatwa juzi." Alipitisha kidole juu ya kikonyo. Kilikuwa na mistari myembamba iliyopinda, na kingo zake zilikuwa zimeungua. "Na haikukatwa kwa msumeno wa mkono. Ni jiwe la grainda. Grainda inataka umeme. Jenereta huacha alama ya mafuta na matairi. Hapa hakuna hata moja. Soketi ya karibu iko wapi?"

Wote wawili wakageuka kukitazama kibanda.

Ndani palikuwa finyu. Betri moja ilikaa sakafuni, imevimba ubavu kwa uzee. Juu yake inveta, inayougeuza umeme wa betri uwe wa kutumika nyumbani. Kutoka hapo soketi moja yenye matundu mawili. Tundu la kwanza lilikaliwa na plagi ya ile kompyuta ndogo ya mzee, iliyokuwa ikimetameta taa yake ya kijani peke yake gizani. La pili lilikuwa tupu.

Inspekta alivihesabu vikonyo huku dereva akivuta waya wa kurefushia kuupitisha mlangoni. Mikanda mitano ilikuwa imekatwa na kuchukuliwa. Mkanda wa sita ulikuwa bado umesimama mahali pake, umeliwa karibu nusu, kisha ukaachwa.

Akampigia mzee simu.

"Redio yako iko wazi?"

"Iko wazi. Ninaisikiliza saa hapa."

"Irudishe kama ulivyokuwa nayo Jumamosi, dawa zote ndani yake. Umemaliza? Usikate simu. Niambie unachosikia."

Alimpa dereva ishara. Grainda ilinguruma, jiwe likagusa kipande cha nondo walichokuja nacho, cheche zikaruka. Ndani ya kibanda taa ya kijani ilififia, ikawa kama jicho la mgonjwa.

"Inakatika!" Sauti ya mzee ilipaa kwa furaha. "Inakatika vilevile! Umefanyaje?"

"Zima," Inspekta alimwambia dereva. "Na sasa?"

"Imetulia. Mizima kabisa. Binti yangu, umegusa nini huko?"

"Niambie wewe, uliyeijenga. Betri imechoka. Kitu kizito kikivuta umeme kwenye soketi hii, kompyuta ndogo hufanyaje?"

"Hukosa nguvu, hujipunguza mwendo ili isizimike. Tarakimu zinaipita kama… Ah! Ndiyo maana akiba haikusaidia. Mtungi hauwezi kukufichia maji ambayo hayakutoka kisimani! Tatizo halikuwa njiani, lilikuwa kwenye chanzo. Nimekuwa mjinga wa wajinga, jioni nzima naubadilisha waya huku." Alikuwa akizungumza kwa haraka, kama mtu aliyerudishiwa kazi yake. "Sasa mtaalamu wenu atajua sikushona kitu. Ni kifaa gani hicho ulichochomeka?"

"Grainda. Mtu aliikata shaba ya mnara Jumamosi jioni, akitumia soketi iliyo ndani ya kibanda. Mara tano na nusu."

Inspekta alisikia, kutoka chumba kile cha mbali, milio ya saa ikipita mmoja mmoja.

"Ndani ya kibanda," mzee alisema hatimaye.

"Ndani. Na kufuli halikuvunjwa. Tunajaribu mara ya pili, usikate."

Grainda ilinguruma tena. Taa ikafifia. Kwenye simu, milio ya saa ilikatikakatika wazi kabisa hata dereva, aliyekuwa hatua kadhaa, aliisikia na kuinua kidole gumba.

"Unasikia nini, mzee?"

"Sisikii kitu," alisema Mzee Antena. "Ni mtandao. Andika kwamba ni mtandao."

Na simu ikakatwa.

Dereva alizima mashine, akajipangusa jasho. "Amepatwa na nini huyu? Si ndiyo kwanza tumemwokoa?"

"Ameona nani aliyemzamisha," alisema Inspekta. "Kikulacho ki nguoni mwako. Kata huu mkanda wa sita, unishushe kwake, kisha uupeleke maabara. Usirudi bila risiti."

*

Alimkuta mzee ameketi vilevile, spika zimewashwa, milio ikienda. Chai ilikuwa mezani haijaguswa, na utando umekwisha fanya juu yake. Safari hii hakuinuka kumkaribisha.

"Nataka niuone ule ufunguo," alisema Inspekta.

"Umepotea."

"Asubuhi ulikuwa mfukoni."

"Nimesema umepotea. Nifunge. Si kesho mnanipeleka? Nipelekeni. Mimi ndiye niliyemtishia yule mtu, sokoni pazima wamenisikia."

"Hukuwako kilimani."

"Nani aliniona hapa? Hakuna. Hilo si lenu? Mmelisema wenyewe."

Inspekta alivuta kiti karibu. "Sauti yako imekuona. Aliyekuwa kilimani na grainda mkononi hakuwa na haja ya kubadilisha waya, wala kuongeza akiba, wala kupunguza tarakimu. Alijua kinachokata sauti. Wewe hukujua. Kila dawa uliyoijaribu imo humo, na wakati wake unatajwa na saa yenyewe kila dakika. Ni ushahidi wa mtu aliyeketi hapa akihangaika."

"Basi andika hivyo, uishie hapo."

"Siwezi. Kati ya fungu la nne na la tano pana kitambo kirefu bila pengo. Mwizi alikuwa na haraka, giza linaingia, mlinzi anakaribia zamu yake. Kwa nini aizime mashine?"

Mzee aliangalia ukuta.

"Mtu huzima mashine yenye kelele," Inspekta aliendelea, "simu yake inapoita."

Mwanamke wa mbali akataja wakati. Mzee akanyoosha mkono akaipunguza sauti, si kuizima, ila kuipunguza tu, kama mtu anayemfunika mgonjwa shuka.

"Nilikuwa nimeishiwa na dawa," alisema. "Mwenye kujua mitambo ile ni mpwa wangu. Nikampigia. Iliita sana kabla hajaipokea. Nikamwambia, baba, sauti inanikatikia."

"Akasemaje?"

"Alikuwa anahema. Nikafikiri anapanda ngazi za kwake. Akasema, 'Ni mtandao, mjomba. Ngoja kidogo itatulia.'"

"Na ikatulia."

"Baadaye ikatulia. Nikampigia tena kumshukuru, hakupokea."

"Ufunguo ulimpa wewe?"

"Mwezi uliopita, akachonge nakala yake kisha anirudishie. Alisema nisihangaike kumpa kila mara." Alimgeukia Inspekta, na macho yake yalikuwa makavu. "Nikuulize neno moja, unijibu kweli, usinihurumie. Nilipompigia, yule mlinzi alikuwa hai?"

Inspekta angaliweza kusema hajui. "Alikuwa hai. Baada ya simu yako mkanda mmoja ulikatwa mzima, na wa pili nusu. Aliyekuwa akikata alisimamishwa hapo. Ndipo mlinzi alipofika."

"Kwa hiyo angaliweza kuondoka. Nilipopiga simu. Angaliweza kukusanya alivyopata akaenda zake."

"Angaliweza."

Mzee alitikisa kichwa polepole, mara nyingi. "Mimi ni mzee, binti yangu. Jela ni chumba, na mimi chumba nimekizoea. Yeye ni kijana. Ndiye pekee anayekuja hapa. Wengine wote hupita barabarani."

"Mlinzi ana mke. Tangu Jumapili huja kituoni kila siku, huketi kwenye benchi, haulizi kitu kwa kuwa hajui amuulize nani. Ukinyamaza, atakufa akikulaani wewe. Na huyo mpwa wako atakutembelea jela, akikuletea matunda, akijua. Unadhani utakuwa umempa zawadi?" Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Mchuma janga hula na wa kwao, mzee. Lakini si lazima mle ninyi wawili na mjane pia."

Inspekta akainuka, akatazama barabara kupitia dirishani. Gari lilikuwa mbali, na dereva angekawia. Ni hapo lango la bustani lilipolia, na nyayo zikaja juu ya changarawe, nyepesi, za mtu anayeijua njia.

"Hodi, mjomba!"

Mzee alikaza vidole juu ya magoti yake. Inspekta alihama dirishani akasimama nyuma ya mlango. Kutoka pale hadi langoni palikuwa wazi, kisha barabara, kisha vichochoro. Kijana akigeuka sasa na kukimbia, asingemfikia. Wala hapakuwa pake kumkaribisha mgeni katika nyumba ya mtu mwingine. Sauti ngeni ingemwonya kuliko king'ora. Alimtazama mzee. Mzee hakumtazama.

"Hodi humu ndani! Mjomba, nimesikia habari za kesho, nimekuja!"

Milio ilipita ndani ya spika, midogo, mmoja baada ya mwingine. Nje, nyayo zilisogea hatua moja, zikasita. Mtu mwenye adabu hupiga hodi mara tatu. Ya tatu isipojibiwa, hurudi alikotoka, wala hakuna wa kumlaumu.

"Hodi."

Ilikuwa ya chini, karibu na kuuliza. Mzee Antena alijiinua, magoti yakimlalamikia, akasimama wima katikati ya chumba kama alivyofunzwa kusimama zamani, siku za ukaguzi.

"Karibu," alisema. Haikutosha, akakohoa akairudia kwa nguvu. "Karibu, baba. Pita ndani."

Mlango ulifunguliwa. Kijana aliingia na mfuko wa machungwa mkononi, uso umejaa huruma. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba," alisema mzee. "Weka mfuko chini. Nyuma yako yuko Inspekta. Mwambie ulivyonijibu Jumamosi."